Kabla ya kuchagua jiji, muulize mama mkwe

Septemba 1972, mwezi mmoja na kitu baada ya Idi Amin kuwapa Wahindi wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, halmashauri ya jiji la Leicester huko Uingereza ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus la Kampala. Kwa kifupi lilisema: nyumba hazipo, shule zimejaa, kwa faida yenu na ya familia zenu msije Leicester. Wakaja. Wapo waliokuwa hawajawahi kulisikia jina la mji huo mpaka walipokutana nalo gazetini, na Mhindi akiambiwa mahali fulani pamejaa Wahindi, anachoelewa ni kwamba huko dengu zinapatikana.

Serikali ya Uingereza nayo ilikuwa na mpango wake. Bodi ya kuwapokea wakimbizi iliigawa nchi kwa rangi: maeneo mekundu, ambayo yalihesabiwa kuwa yameelemewa, na maeneo ya kijani, ambako watu walishauriwa waende. Leicester ilikuwa nyekundu. Watu waliokuwa wakilala kwenye kambi za zamani za jeshi walioneshwa ramani, wakashukuru kwa adabu, kisha wakapanda treni kwenda kwenye nyekundu.

Mimi sasa ni mtu wa mji huo. Nilizaliwa Mwanza, nikaolewa Leicester miaka ya themanini, na hakosekani mtu wa ukoo anayenipigia simu kuuliza ahamie wapi. Safari hii ni mpwa wangu, binti wa dada, mhasibu, mzaliwa wa Mwanza kama mimi. Mumewe ni mfamasia aliyezaliwa Rajkot, Gujarat, huko India, akaja Tanzania kwa kazi, wakakutana. Sababu zao za kuondoka ni zao, sitaziandika hapa. Nitaandika kuhusu jedwali alilonitumia.

“Shikamoo mama mdogo,” ujumbe ulianza, “naomba uangalie hili kwa jicho la ukali.” Chini yake kulikuwa na faili la Excel. Upande wa kushoto miji: Brampton, Edmonton, Leicester, Houston, Dubai, Melbourne. Juu: mshahara, kodi ya nyumba, shule, hali ya hewa, usalama, na safu moja iliyoandikwa “Wahindi”, ikiwa imejazwa asilimia. Kila safu ilipewa alama, alama zikajumlishwa, Brampton ikaongoza.

Nikaanza na hiyo safu ya Wahindi, maana ndiyo iliyonichekesha. Ni kweli, sensa ya Kanada ya 2021 inaonesha zaidi ya nusu ya watu wa Brampton ni wenye asili ya Asia Kusini. Lakini Brampton, jirani na Toronto, ni mji wa Wapunjabi, kama ilivyo Surrey kule karibu na Vancouver. Gurdwara, yaani mahekalu ya Masingasinga, ziko kila upande, vilabu vya wazee vinaongea Kipunjabi, redio Kipunjabi, wagombea uchaguzi wanaomba kura kwa Kipunjabi. Ni watu wakarimu sana, nami nimekula langar yao, chakula cha bure cha hekaluni, mara nyingi. Lakini mama mkwe wa mpwa wangu anajua Kigujarati, na Kiswahili cha kununulia mchicha sokoni. Kumpeleka Brampton kwa sababu “kuna Wahindi” ni kama kumwambia bibi wa Kihaya ahamie Lagos kwa sababu kuna Waafrika. Wagujarati wako Leicester, na Harrow na Wembley za London. Wako Edison, New Jersey, kwenye barabara ya Oak Tree. Watelugu wamejaa Dallas. Wamalayali, watu wa Kerala, wamejenga nusu ya Ghuba. Ukiandika “Wahindi” kwenye safu moja, hujaandika kitu.

Wazee wetu hawakuwa na jedwali. Walikuwa na mjomba. Mtoto wa Kutch au Kathiawar, huko Gujarat, alipandishwa jahazi Mandvi au Porbandar akapelekwa kwa ndugu mwenye duka Unguja au Bagamoyo, akalala nyuma ya duka, akala kwa mke wa tajiri wake, na baada ya miaka akapewa bidhaa kwa mkopo akafungue duka lake mbele zaidi, mahali ambapo hapakuwa na duka. Allidina Visram alianza hivyo: kijana kutoka Kutch, akafanya kazi kwa Sewa Haji Paroo pale Bagamoyo, kisha akaja kutawanya maduka kufuata reli ya Uganda mpaka Kampala na kuzidi. Babu yangu hakufika huko kote. Reli ya Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928 kulikuwa na pamba na kulikuwa na binamu, na kwake hizo zilikuwa sababu tosha.

Bibi yangu hakuulizwa. Alishushwa stesheni na masanduku yake, na kwa miaka mingi watu pekee aliozungumza nao mchana kutwa walikuwa watoto wake na mpishi. Mwanza aliipenda baadaye, sikatai. Lakini simulizi za kuhama kwetu zinasimuliwa na wenye duka, na mwenye duka mji wake ni duka. Akitoka nyumbani asubuhi anakuta watu, kazi, lugha, salamu. Mji wenyewe, kwa maana ya barabara na baridi na jirani asiyekuamkia, unamkuta yule anayebaki nyumbani.

Ndiyo maana nilimjibu mpwa wangu kwamba jedwali lake limesahau safu moja. Kwenye nyumba ile wanaotafuta mshahara ni wawili. Watoto watazoea; mtoto wa darasa la pili ukimpeleka hata Iceland, akifika likizo ya kwanza ana marafiki. Anayebaki ni mama mkwe: mjane, amevuka miaka sabini, magoti mabovu, haendeshi gari, hajui Kiingereza, hali nyama wala yai. Mji mchagulie yeye. Ukimfaa yeye, nyinyi wengine mtaumudu tu.

Alidhani nazungumzia huruma. Nilikuwa nazungumzia viza.

Anza na Uingereza, kwangu mimi. Tangu Julai 2012 kumleta mzazi mtu mzima aishi nawe hapa ni karibu na haiwezekani: lazima uthibitishe kwamba anahitaji kuuguzwa kila siku kwa shughuli za mwili wake mwenyewe, na kwamba uangalizi huo haupatikani huko aliko, hata kwa kulipia. Mama anayeweza kujipikia rotlo, mkate wetu wa uwele, amekosa sifa. Ongeza kwamba tangu Julai 2025 kibali cha mfanyakazi mwenye ujuzi kwa kawaida kinadai mshahara wa angalau pauni 41,700 kwa mwaka, ambao mwajiri wa Leicester hakupi kirahisi. Watu wetu wa 1972 walikuwa na pasi za Uingereza. Mpwa wangu hana. Babu yake, kama wengi, alichukua uraia wa Tanzania baada ya uhuru huku ndugu yake akibaki na pasi ya buluu, na uamuzi ule wa ndugu wawili mezani ndio mpaka leo unaowagawa wajukuu zao kwenye foleni za uwanja wa ndege.

Australia? Viza ya kawaida ya mzazi mzee ina foleni inayokadiriwa kufika miaka 30. Hesabu umri wa mama, uongeze 30. Ipo ya kulipia, inayozidi dola 40,000 za Australia kwa mzazi mmoja, na bado utasubiri miaka. Melbourne ikatoka.

Dubai nilitegemea ingetoka haraka, haikutoka. Bur Dubai, pale Meena Bazaar, mama anashuka ghorofani na chini kuna mboga, mshonaji, duka la vifaa vya ibada na watu wa kusema nao Kigujarati. Mtoto mwenye kipato kinachotakiwa anaweza kumdhamini mzazi, kibali kikawa kinahuishwa. Kutoka Dar ni safari ya asubuhi tu. Tatizo la Dubai ni kwamba nyumba nzima inaning’inia kwenye kazi ya mtu mmoja: kazi ikiisha, vibali vinaisha, na watu wanajikuta wanauza makochi ndani ya wiki. Wapo Wahindi waliozeeka Ghuba wakazikwa ugeni, na wapo waliopata vibali vile vya dhahabu vya miaka kumi. Kwa mfamasia na mhasibu wenye watoto wawili, hapana.

Marekani ndiko mume wa mpwa wangu anakokutaka, kwa kuwa ana kaka Houston. Hapa kuna jambo ambalo Wahindi wa Afrika Mashariki wengi hawalijui, na linafaa kujulikana. Foleni ya ukazi wa kudumu kwa njia ya kazi huko Marekani hupangwa kwa nchi uliyozaliwa, si kwa uraia wala sura. Hakuna nchi moja inayopewa zaidi ya asilimia 7 ya nafasi kwa mwaka, na kwa kuwa waombaji waliozaliwa India ni wengi kupindukia, foleni yao imekwenda miongo. Mtu anayeitwa Patel aliyezaliwa Mwanza anahesabiwa Mtanzania, anasimama kwenye foleni ya wengine, iliyo fupi mno ukilinganisha. Na kuna zaidi: mume na mke wanaweza kuhesabiwa kwa nchi ya mmoja wao. Maana yake cheti cha kuzaliwa cha mpwa wangu, kile cha karatasi ya njano ambacho dada yangu alikaribia kukipoteza, kina thamani kuliko shahada ya mumewe. Nilipomweleza hilo mume alikaa kimya kwenye simu, kisha akacheka.

Lakini kufika kwenye foleni ndiyo kazi. Viza ya H-1B, ile ya wafanyakazi wenye ujuzi, ni bahati nasibu, na tangu Septemba 2025 imewekewa ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje, kiasi ambacho mwenye duka la dawa hawezi kukilipa hata akupende vipi. Na mama? Mzazi anadhaminiwa na mtoto aliyekwisha kuwa raia, si mwenye ukazi tu, na kutoka ukazi hadi uraia kwa kawaida ni miaka mitano. Kabla ya hapo ni mgeni wa miezi sita. Tena Houston yenyewe: nimekwenda. Kuna Hillcroft, wanakoita wilaya ya Mahatma Gandhi, unapata kila kitu kutoka tambuu hadi sari ya harusi. Ila ukikaa Sugar Land, pembeni ya jiji, na huna gari, hata maziwa unayasubiri mpaka mtoto arudi kazini. Nimewaona wazee wa Kigujarati wanatembea kuzunguka maegesho ya hekalu, raundi baada ya raundi, kwa sababu hapo ndipo mahali pekee pa kutembea.

Ikabaki Kanada, na Kanada ina kitu kinaitwa super visa. Mtoto mwenye ukazi wa kudumu, akitimiza kiwango cha kipato na kumkatia mzazi bima ya matibabu, mzazi anaweza kukaa hadi miaka mitano kwa mara moja, akitoka na kuingia apendavyo. Ukazi wenyewe wa mzazi ni hadithi nyingine. Umekuwa wa kubahatisha, na mialiko ya miaka ya karibuni imetolewa kwa watu waliojiandikisha 2020. Lakini super visa inatosha kumkalisha mama sebuleni. Tatizo ni kwamba mtoto kwanza aupate huo ukazi, na mfumo wa alama wa kuchagua wahamiaji, Express Entry, humpunguzia mtu alama kila mwaka anaopita 29. Mpwa wangu amepita. Mkoa ukikuteua unaongezewa alama 600, ambazo karibu zinakumalizia kazi, na ndiyo sababu watu wengi wasiojua hata Alberta iko upande gani wanajikuta wameipenda ghafla.

Basi nikaanza kuwapigia debe Edmonton. Nilikuwa na sababu. Nyumba za Alberta ni nafuu kuliko za Toronto na Vancouver, kodi ya mauzo ya mkoa haipo, na mtaa wa Mill Woods umejaa familia za Asia Kusini. Tangu Novemba 2023 treni ya jiji inatoka hapo hapo mpaka katikati ya mji. Watu wa Afrika Mashariki wako Alberta kwa wingi. Gavana mwakilishi wa mkoa aliyeapishwa 2020, Salma Lakhani, alizaliwa Kampala. Naheed Nenshi, aliyekuwa meya wa Calgary kuanzia 2010, wazazi wake walitoka Tanzania. Jumapili ukialikwa kwa Waismailia wa huko unawekewa mandazi na mbaazi za nazi bila kuuliza. Ndiyo, Januari inaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na barafu kwenye njia ya miguu ni adui wa magoti. Nililisema hilo kwa sauti ndogo.

Leicester ilinifundisha ninachokitafuta kwenye mji, ndiyo maana nasisitiza miguu. Waliokuja 1972 hawakukuta pepo. Walikuta viwanda vya soksi, sweta na viatu vilivyoajiri wanawake, na wake ambao Kampala hawakuwahi kushika mshahara wakawa wanaleta bahasha ya Ijumaa. Kuhusu malipo na ubaguzi, 1974 wafanyakazi wa Kihindi wa kiwanda cha Imperial Typewriters waligoma kwa karibu miezi mitatu, chama chao cha wafanyakazi chenyewe kikiwageuzia mgongo. Kiwanda kilifungwa mwaka uliofuata. Lakini nyumba za mtaa wa Belgrave zilikuwa za bei ndogo, zimeshikana ukuta kwa ukuta, mlango unafungukia barabarani, na barabara yenyewe ilikuwa na fremu tupu za maduka. Mwanamke alitoka na kikapu akakutana na jirani kabla ya kufika kona. Leo ni mtaa wa sonara, sari, muhogo wa kukaanga na taa za Diwali zinazoleta umati kutoka nchi nzima. Ungejengwa kama mitaa ya sasa ya Brampton, kila nyumba na gereji yake ya magari mawili, sidhani kama ungetokea.

Wala sitaki kuuza mji wangu kwa sifa tupu. Viwanda vimekwisha, vijana wenye shahada wanakimbilia London. Na mji ukijaa watu wako, ugomvi wa kwenu unakuja na mizigo. Agosti 2022, baada ya mechi ya kriketi ya India na Pakistan, vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walianza kuviziana mitaani, na Septemba polisi walikuwa wamesimama katikati yao kwenye barabara ambazo mama zao walikuwa wakipeana vyungu vya achari. Wengi wao hawajawahi kukanyaga India. Mtaa mchanganyiko una upweke wake. Mtaa wa wenyewe kwa wenyewe una masikio na midomo mingi. Mpwa wangu, nikimjua, atauchoka mtaa wa namna hii ndani ya mwaka. Mama mkwe atanawiri.

Baada ya wiki nzima ya ujumbe kwenda na kurudi, nikagundua tunazungumza kuhusu mtu ambaye hakuna aliyempigia simu. Nikampigia. Tulizungumza Kigujarati, tukichanganya Kiswahili kila lilipotajwa jambo la sokoni.

Hakuuliza kuhusu baridi. Aliuliza kama unga wa uwele unapatikana. Nikamwambia unapatikana kila mahali siku hizi. Aliuliza kama hekalu lina mtu mchana au linafunguliwa Jumapili tu, swali zuri kuliko yote kwenye jedwali. Kisha akauliza moja kwa moja: “Nikifa huko, nani atanichoma, na majivu yatakwenda wapi?” Nilimweleza kwamba miji yote ile ina tanuri la kuchomea maiti. Nikamweleza kuhusu Davender Ghai wa Newcastle, aliyekwenda mahakamani kudai achomwe kwa kuni kama ilivyo desturi, mpaka 2010 Mahakama ya Rufaa ikasema inawezekana ndani ya jengo lililo wazi kiasi. Nikamwambia kwamba hapa kwetu familia hukodi mashua kwenye mto Soar, nje kidogo ya jiji, pandit, kuhani wetu, akasoma, majivu yakamwagwa majini. Akaguna. Soar hakuwahi kuusikia.

“Mimi sihami,” akasema. “Waambie. Miezi ya joto nitakaa kwao, niwaangalie watoto. Baridi ikianza narudi Rajkot, kwenye nyumba yangu. Na kufa nitafia Rajkot, nikiweza.”

Hapo Edmonton yangu ikaanguka. Mama wa magoti mabovu, asiyejua Kiingereza, anayesafiri peke yake mara mbili kwa mwaka, hawezi kushushwa kubadilisha ndege kwenye uwanja ambao hata mimi napotea. Kutoka Toronto kuna ndege za moja kwa moja hadi Delhi. Anasukumwa kwa kiti cha magurudumu mlango hadi mlango, na Delhi ni nyumbani, anajua kugomba. Kwa hiyo si Edmonton, na si lazima Brampton pia. Nimewaambia waangalie Rexdale, upande wa Etobicoke, ndani ya Toronto: ghorofa za zamani, lifti zinazolalamika, lakini mabasi ya jiji yanapita mlangoni, maduka ya Kihindi yako kando ya Albion Road, na hekalu kubwa la Swaminarayan lililofunguliwa 2007 haliko mbali. Ontario si rahisi kuteuliwa, na kodi yake itawauma. Wakapange kwanza, wasinunue, na waende kuuona mji Februari, si Julai. Julai kila mji wa Kanada ni mzuri.

Mpwa wangu anasema sawa. Mumewe bado anatetea Houston; anasema kaka yake ana chumba cha ziada na Delhi inafikika pia kutoka huko kwa kuunganisha. Tumepanga kuongea tena Jumapili jioni, saa za Mwanza, na safari hii mama mkwe atakuwa kwenye simu.